Adeer Sanduku na Ngamia wa Mifupa

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Miezi mitano kazini. Bado sijathibitishwa. Karani asiyethibitishwa ni mtu aliyekaa kizingitini: anayeingia humkanyaga, anayetoka humkanyaga.

Leo nimekanyagwa. Ijumaa Bw. Mahat aliniagiza niandike barua Nairobi kuomba "bicha za ukutani" kwa madarasa yetu. Nikaandika picha. Hapo ningenyamaza. Lakini nilipompelekea atie saini nilimweleza, kwa adabu zote, kwamba Kiswahili kina P na kwamba ofisi ingefaa iizoee. Ya Rabbi! Ulimi huu utanizika.

Bw. Mahat ndiye mratibu wa mradi wetu wa madarasa ya watoto wa wafugaji. Mtu mzima, ndevu nyekundu kwa hina. Aliniita saa nne. Akauliza hiyo P nimeitoa wapi. Nikasema shule ya bweni, Kitui, pamoja na V, kwa fimbo. Akasema yeye hakupigwa, ndiyo maana ana amani. Kisha akainua kidole: "Sikia, Ayanle. Wewe hapana fikiri. Wewe andika ile unasikia."

Sote wawili ni Wasomali. Tungesema Kisomali, mambo yangeisha. Lakini ukutani kuna tangazo: kazi ya ofisi na simu ya upepo ni Kiswahili au Kiingereza pekee. Bw. Mahat mwenyewe ndiye aliyelibandika.

Nimeandika kwenye jalada la kidaftari hiki: ANDIKA UNACHOSIKIA. Mistari miwili chini yake.

Salah, karani wa stoo, alikuwa dirishani akisikiliza. Tangu adhuhuri ananiita Brofesa.

Jumanne, 3 Septemba

Nimechapa orodha ya unga wa uji. Madarasa kumi. Lori hugawa kuanzia la kwanza na kuteremka hadi magunia yaishe. Mwezi uliopita yaliisha kwenye la saba. Kutoka la nane kwenda chini ni majina tu.

Galbet ni la tisa.

Nimepita huko jioni. Watoto thelathini na mmoja chini ya turubai moja, pembeni kabisa mwa mtaa, ambako watu wamejenga vibanda vya miti na nguo kuukuu baada ya ukame kuwamalizia mifugo. Mwalimu wao ni Habibo. Hana ubao. Watoto huandika mchangani kwa vijiti, somo likiisha wanafuta kwa viganja. "Futa" ndilo neno la kwanza la Kiswahili wanalolijua. Kila mtoto huja na kikombe. Vikombe vimekuwa vikirudi nyumbani vikavu.

Habibo hana maneno mengi. Aliniambia, walaal, ndugu yangu, bila uji sina darasa. Wazazi watavumilia lori moja zaidi. Likipita hivi hivi wataondoka kuelekea Diff, kwa jamaa zao wa mpakani, na huko hakuna mwalimu wala turubai. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye lori.

Watoto wanachezea vifundo vya miguu ya mbuzi. Ndio ngamia wao. Msichana mmoja, Idil, kama miaka saba, anavyo arobaini. Nilimuuliza kwa nini arobaini. Kwa sababu baba alikuwa na arobaini. Kila kifupa kina jina la ngamia aliyekufa. Alinitajia yote bila kukosea, kutoka Dhoobo hadi yule asiyepewa jina kwa kuwa alizaliwa Jumatatu akafa Jumatano.

Niliondoka mbio. Nina mtihani wa kuthibitishwa, sina nafasi ya kulia.

Jumatano, 4 Septemba

Mpango! Umenijia nikiwa nachana karatasi ya kaboni.

Kuna shirika lilitupatia simu mbili za upepo za mkononi, zile nyeusi zenye mkia. Mgeni wa shirika anakuja tarehe kumi na mbili kuona zimefanya nini. Hazijafanya kitu. Sasa basi: simu moja Galbet, nyingine hapa ofisini. Watoto wanashika ngamia wao wa mifupa, mimi nasema hewani, "Vuteni ngamia watatu zizini! Ongezeni wawili! Wako wangapi?" Mkono unacheza, sikio linasoma. Hesabu na Kiswahili kwa pamoja, bila kitabu, bila ubao. Mgeni akifurahi, Galbet inapanda kwenye orodha. Na karani aliyebuni atathibitishwa.

Faida mbili. Nimeanza na ile ya watoto ili Mungu aone mpangilio.

Leo pia imekuja barua kutoka Hadado. Kisima kimekauka, watu wote wamehama na mifugo iliyosalia, mwalimu amebaki na mbuzi wake mmoja, je, afunge darasa? Nimeipiga muhuri IMEPOKELEWA. Nimeiweka kwenye faili ya H. Faili nadhifu sana.

Alhamisi, 5 Septemba

Salah hataki kutoa simu. Anataka fomu tatu. Nikaleta tatu. Akataka zenye kaboni. Nikaleta. Kumbe simu moja ameiacha kwa muuza chai ng'ambo ya barabara, nyingine anayo yeye, na asubuhi zote huagiza chai hewani kama jenerali. Tumepatana: mimi nitamletea chai kwa miguu hadi mwisho wa mwezi. Amesema, "Tangawizi nyingi, Brofesa."

Nimemweleza Bw. Mahat mpango. Aliuliza kama simu inakula betri. Nikasema kidogo. Akasema tutaona.

Ijumaa, 6 Septemba

Somo la kwanza. Nilibonyeza kitufe saa mbili kamili. "Galbet, Galbet, hapa ni ofisi." Kimya. Halafu vilio. Habibo alinieleza baadaye kwamba kumi walikimbia na mmoja alirudi na jiwe kumtoa mtu aliyefungiwa ndani.

Idil hakukimbia. Aliuliza mtu wa ndani ni wa ukoo gani. Habibo akajibu, wa serikali. Idil akasema maskini, hana watu.

Wamempa jina. Adeer Sanduku. Adeer ni baba mdogo, ndugu ya baba. Sijawahi kuwa adeer wa mtu.

Jumatatu, 9 Septemba

Balaa! Wamenimwagia chai. Yaani wamemmwagia Adeer Sanduku. Alikuwa anasema tangu asubuhi, hajapewa kitu, ni aibu kwa wenyeji. Idil alichukua chai ya Habibo, ya maziwa, akaimimina taratibu pale zitokapo sauti. Simu ikakohoa ikazima.

Nilikwenda mbio kwa miguu. Tumeianika juani juu ya jiwe, watoto wameketi wakiizunguka kama mgonjwa, mmoja akiipepea. Mali ya shirika, saini yangu, fomu tatu. Saa nane ikafufuka. Sasa sauti yangu inatoka kama ya ngamia mwenye mafua, lakini inatoka. Habibo alicheka hadi akafunika uso kwa mtandio. Sikujua kwamba huwa anacheka. Niliandika jambo hilo hapa kwa uangalifu kisha nikalikata.

Jumanne, 10 Septemba

Kumetokea tatizo la kitaalamu. Nikisema vuteni, watoto wanafuta. Masikio ya nyumbani. Kisomali hakina V. Kwao vuta na futa ni mtu mmoja aliyebadili shati.

Habibo alisema tuache, wao huelewa kwa kutazama: ngamia wakiwa nje, maana yake vuta, ngamia wakiwa ndani na somo limeisha, maana yake futa. Nilimwambia hapana. Elimu haikisii. Nimekwenda mwenyewe, nimewapanga mstari mmoja, nimewafundisha kuuma mdomo wa chini na kutetemesha. Vvvv. Thelathini na mmoja wakinguruma kama jenereta. Kufikia saa sita: "Vuta!" wanavuta. "Futa!" wanafuta. Hakuna hata mmoja anayekosea. Hawatazami tena ngamia, wanasikiliza herufi.

Saa mbili na nusu za fahari kamili. Nimewanunulia njugu.

Alhamisi, 12 Septemba

Mgeni alifika, mama wa Nairobi mwenye kofia pana na daftari. Nilimpeleka Galbet. Simu ya pili niliiacha tayari ofisini: nikimfikisha, nirudi mbio niendeshe somo. Lakini kabla hatujatoka, Bw. Mahat alikuwa amevaa koti. Akasema heshima ya kusema na mgeni hewani ni ya mratibu. Akataka karatasi yangu ya somo. Nikampa. Ningesema nini? Kwamba ana kila kitu isipokuwa V?

Kwa hiyo nilisimama Galbet nyuma ya kofia ya mgeni, na sauti ya Bw. Mahat ikatoka kwenye sanduku. Watoto walikuwa tayari. Mazizi thelathini na moja yamechorwa mchangani, na nje ya kila zizi mifupa imepangwa. Idil alikuwa mbele na wake arobaini.

"Watoto wa Galbet! Futeni ngamia wote!"

Walitazamana. Walisikiliza herufi, kama nilivyowafundisha. Kisha viganja sitini na viwili vikashuka. Shwaaa. Mazizi yakafutika, ngamia wakafagiliwa, vumbi likapanda hadi kwenye kofia. Kwa pumzi tatu hapakuwa na kitu pale ila mchanga. Sanduku likauliza kwa furaha, "Sasa wako wangapi?"

Idil ndiye aliyefuta wa mwisho. Akasema kitu kwa sauti ndogo. Mgeni akauliza amesema nini. Habibo alitafsiri: amesema, basi wamekufa tena.

Mgeni aliandika sana. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaandika tena. Bw. Mahat alipofika na gari aliuliza ngamia wako wapi. Nikasema upepo. Mungu anisamehe, nikasema upepo. Jani halikuwa likitikisika.

Njiani walikaa mbele kimya, mimi nyuma na gurudumu la akiba. Nimekwisha.

Ijumaa, 13 Septemba

Bw. Mahat hakuniita. Kutoitwa ni kubaya kuliko kuitwa. Baada ya sala alipakia mitungi ya maji, akasema anakwenda kukagua madarasa ya kaskazini wiki nzima na atanipa maagizo kwa redio ya gari. Aliniangalia mara moja, akatikisa kichwa. Kuna watu hutikisa kichwa kwa mshangao mwema, lakini si kwangu.

Eeddo Kinsi, shangazi yangu ninayekaa kwake, aliniuliza kwa nini sili. Nikamweleza yote. Akasema, "Nenda umwambie mzee ukweli, kwisha." Nikamweleza kuhusu kuthibitishwa. Akasema mimi nimesoma hadi nikaogopa.

Jumatatu, 16 Septemba

Leo orodha inakwenda kwa gari la saa tisa. Saa saba na dakika kumi redio kubwa ya ofisi ikaita. Bw. Mahat, mbali, sauti imejaa mchanga. Akauliza kama orodha bado iko mezani. Nikasema ipo, mzee, ova. Akasema:

"Galbet, futa. Ova."

Niliomba arudie.

"Futa! Galbet, futa! Betri inakwisha, wewe kiziwi? Ova!"

Nilikaa na kalamu. Nitaandika kwa uaminifu yaliyopita kichwani. Kwanza: anaweza kuwa anasema vuta, yaani ipandishe. Pili: kwa nini aipandishe baada ya aibu ya Alhamisi? Ni adhabu. Tatu: ningeweza kumuuliza, futa ya kufuta au futa ya kuvuta? Lakini kuuliza hivyo ni kumwambia tena, hewani, askari wa kila kituo wakisikiliza, kwamba hana V. Kwa Kisomali kuvuta ni *jiid* na kufuta ni *tirtir*, hata mtoto mchanga hawezi kuyachanganya. Nilitazama tangazo ukutani. Nne: nilitazama jalada la kidaftari. Andika unachosikia. Mistari miwili.

Nikasema, "Nimepokea, mzee. Ova."

Nilichukua wino mweupe. Nilifuta Galbet kwa brashi ndogo, mara moja, kwa mkono thabiti, hata kingo hazionekani. Ukiinua karatasi kwenye mwanga huwezi kujua kwamba palikuwa na watu hapo.

Saa tisa gari likaondoka.

Alhamisi, 19 Septemba

Lori limepita. Nililiona kutoka dirishani likiingia mji, likitoka mji.

Saa nne na robo simu ya mkononi ikalia mezani. Nilidhani ni Habibo. Haikuwa Habibo. Ilikuwa pumzi ndogo, mtu anayebonyeza kitufe kwa vidole viwili. Kisha sauti ya Idil, kwa Kiswahili, V na F kila moja mahali pake:

"Adeer Sanduku. Umekula? Sisi bado."

Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu. Ningesema nini? Nikasubiri. Akangoja. Akasema tena, pole pole, labda nilikuwa sijasikia. Akasema wamekaa mstari na vikombe. Akasema lori limepita lakini hawakulia, kwa sababu Adeer ni wa ukoo wa serikali na atalirudisha.

Nilizima. Nimeandika kwenye daftari la simu: betri imekwisha.

Salah alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Kwa mara ya kwanza hakuniita Brofesa. Aliniwekea kile kikombe mezani akaenda zake. Sikuweza kukinywa.

Jumatatu, 23 Septemba

Bw. Mahat amerudi. Ameingia akicheka! Amenipiga begani nikadhani ni kofi. Akasema, haya, watoto wa Galbet wamekunywa uji? Lori lilianza na wao?

Nikauliza lianzeje na wao.

Si nilikuambia uwafute juu, akasema, na mkono wake ukavuta hewa kutoka chini kwenda kichwani. Futa! Aliufanya ule mkono mara tatu. Mkono wake una V. Redio haionyeshi mikono.

Halafu akanieleza. Yule mgeni alikuwa kimya garini kwa sababu alikuwa analia. Alidhani somo lile lilikuwa la ukame. Watoto wanapanga mifugo yote ya baba zao, halafu sauti kutoka juu inaamuru, na kwa pumzi tatu hakuna kitu. Alisema miaka yote ya kazi hajaona mchezo na simu vikifundisha jambo zito namna ile. Ameomba jina la aliyebuni. Bw. Mahat amempa langu. Nitathibitishwa mwezi wa kumi.

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa umefungwa, mzee anacheka, siku njema kuliko zote za kukiri. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ndiyo, mzee. Walikunywa."

Jumanne, 24 Septemba

Nimekwenda Galbet na mpango mpya: nikope unga popote, niseme lori lilichelewa.

Turubai limekunjwa. Vibanda vingi ni miti mitupu. Habibo alikuwa amekaa juu ya debe. Alisema walisubiri siku mbili baada ya lori. Jumapili asubuhi wakaondoka. Wengi wamesimama kwanza kwa jamaa zao njiani, mwendo wa siku mbili. Uji ukija kwa lori lijalo atawatumia salamu na watarudi. Usipokuja wataendelea hadi Diff, na walioingia Diff hawarudi.

Alinirudishia simu, imefungwa kwenye kitambaa safi. Ndani ya fundo kulikuwa na kifupa kimoja. Nikauliza ni nini. Akasema Idil amemwachia Adeer Sanduku. Mtu hawezi kuishi bila hata ngamia mmoja. Ni yule asiye na jina.

Basi Idil sasa anao thelathini na tisa.

Jumatano, 25 Septemba

Nimechapa orodha mpya. Galbet la kwanza, kwa herufi kubwa. Nimeiweka mezani kwa Bw. Mahat, nikasimama.

Aliisoma. Akasema hapana, haki ni haki. Galbet walitangulia lori lililopita, wamekunywa, sasa watangulie wengine. Galbet iwe ya saba. Akaandika saba kwa mkono wake.

Ningesema. Kingekuwa kitu cha maneno matatu: mzee, hawakunywa kitu. Nilihesabu. Ni matatu tu.

Haidhuru, la saba hupata. Magunia huishia la saba. Nimehesabu mara nyingi, la saba linapata. Hadado nimeiacha la kumi. Sikumbuki kwa nini nilitaka kusema kitu kuhusu Hadado.

Jumatatu, 30 Septemba

Upweke wa ofisi. Bw. Mahat amekwenda tena kaskazini. Nilijaribu simu zote mbili kama bado ni nzima. Moja niliiweka kwenye droo. Nyingine nikaishika dirishani nikaielekeza upande wa Galbet, nikabonyeza. "Galbet, Galbet, hapa ni Adeer Sanduku."

Sauti yangu ikanijibu kutoka kwenye droo, yenye mafua ya chai. Nilifunga dirisha.

Kifupa nimekiweka juu ya meza, karibu na muhuri. Salah aliuliza ni cha nini. Nikasema cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Alhamisi, 3 Oktoba

Siku njema! Naiandika haraka kabla furaha haijapoa.

Orodha inaondoka leo. Habibo alipita asubuhi, akasoma saba kwa kidole, akahesabu, akatabasamu kidogo. Amempa mwenye gari la mizigo salamu za kupeleka: warudi, wa saba hupata. Alinishukuru. Alisema Idil atakuwa wa kwanza kufika, kwa kuwa ameniachia amana.

Saa saba na nusu redio kubwa ikaita. Bw. Mahat, sauti imejaa mchanga kuliko juzi. Akasema yuko Hadado. Akasema maneno mengi yakakatika, "kisima", kisha "hakuna mtu", kisha "mbuzi moja". Halafu, wazi kabisa:

"Hadado, futa. Ova."

Mara hii hawanipati! Mtu mwerevu hajikwai mara mbili kwenye kisiki kimoja. Nilijifunza, na nilijifunza kwa gharama kubwa: F ya Bw. Mahat ni V. Nimeufuta ule msemo wa kwenye jalada kwa wino mweupe, nikaandika mpya: SIKIA F, ANDIKA V. Mistari mitatu.

Mkono ulisita kidogo. Kuna barua fulani ya Hadado kwenye faili ya H, nilitaka kuitazama. Ningeweza pia kumuuliza. Lakini saa ilikuwa inakimbia, na karani anayeuliza huonekana hajui, tena mwezi huu wa kuthibitishwa.

Nikasema, "Nimepokea, mzee. Ova."

Nimeivuta Hadado kutoka la kumi hadi la kwanza kabisa. Nimechapa orodha yote upya, safi, bila kosa hata la nukta. Wengine wote wamesogea chini hatua moja. Galbet imekuwa ya nane.

Nafasi moja tu. Haina neno.

Gari limeondoka saa tisa kamili.